Neno Ambalo Shemeji Hakulitafsiri

Mume wa dada yangu anajua njia nyingi za kusema mtu amekufa kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Jambazi akidondoka kutoka ghorofani, shemeji husema, "Huyo amekata kamba." Askari akipigwa upanga wa shingo: "Amerudisha namba, mwiteni seremala achukue vipimo." Mfalme akianguka kutoka kwenye kiti chake, sauti hushuka mpaka chini kabisa: "Ameiaga dunia, na dunia haikuitikia." Watu hucheka mpaka mabenchi yanahama.

Ndiyo kazi yake. Ana banda la video, mabati juu, mapazia mazito madirishani, na mbele kitambaa cheupe nilichokiunga mimi mwenyewe kwa shuka mbili, ambacho ndicho skrini. Yeye hukaa pembeni na maiki mkononi, filamu inacheza, naye anatafsiri. Kijapani hakijui hata salamu, Kikorea ndiyo usiseme. Husoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha, na yakimkimbia humalizia mwenyewe, mara nyingi vizuri kuliko hao waliotunga. Filamu mpya huitazama kwanza nyumbani, peke yake, akiwa amevaa hedifoni, mpaka ajue nani atamgeuka nani. Haandiki kitu. Siku ya kuonyesha anafungua mdomo tu.

Mimi ni fundi cherehani, na chumba changu na banda lake ni ukuta mmoja. Cherehani yangu ya umeme ikizunguka, spika zake zinakoroma, kwa hiyo filamu ikianza mimi nazima. Watu wanadhani napenda filamu. Sipendi kihivyo. Nafukuzwa kazini na shemeji yangu kila Jumapili mchana, basi naingia nakaa benchi la nyuma na sindano yangu, nakunja pindo gizani kwa mazoea, na kuwasikiliza watu wanavyobishana na picha.

Maana pale hakuna anayetazama kimya. Wanamwonya shujaa ageuke nyuma, wanamtukana mama mkwe wa mtu wasiyemjua, wanatabiri. Filamu ikiisha wanapiga kura. Mlangoni hupewi tiketi, unapewa kizibo cha soda, na ukitoka unakitumbukiza kwenye ndoo moja kati ya mbili: ya kijani kama filamu ni nzuri, nyekundu kama ni mbovu. Shemeji huchungulia ndoo kabla hajachungulia kitu kingine chochote. Nyekundu ikijaa, wiki hiyo nyumbani hali vizuri.

Vizibo vilikuwa mchezo wa Chiriku. Chiriku alikuwa mtoto wao, wa pekee, na jina hilo alipewa kwa sababu hakuwahi kunyamaza, hata usingizini alikuwa anagombana na mtu. Alikuwa anaviokota vizibo, anacheza duka navyo, mpaka siku moja akasimama mlangoni na ndoo mbili za kufulia akawaamuru watu wazima wapige kura. Wakapiga. Tangu hapo ikawa sheria. Na kwenye filamu akawa na kazi yake: alikaa juu ya kreti la soda lililogeuzwa, ubavuni mwa baba yake, na kila mtoto alipotokea kwenye picha shemeji alimsogezea maiki. Mtoto wa Kikorea, wa Kihindi, wa malaika au wa shetani, wote walisema kwa sauti ya Chiriku, na wote walikuwa na mdomo mchafu kidogo. Dada alikaa mlangoni, akitoa vizibo na kujifanya hamwoni binti yake anavyomharibia mume jina. Alimwita mume wake Baba Chiriku, hata wakati anamgombeza. Hasa wakati anamgombeza.

Chiriku hakumaliza darasa la pili. Ilikuwa homa, tukadhani ni homa kama homa nyingine, kisha ikawa hospitali.

Asubuhi ile dada alikuwa amerudi nyumbani kupika uji, mtoto kabaki na baba yake. Tulirudi wawili, dada mbele na chupa ya uji, mimi nyuma na shuka safi mikononi. Shemeji alikuwa amesimama kwenye geti la hospitali. Daktari alikuwa ameshamwita pembeni na kumwambia. Mtu mwenye njia zote zile za kulisema neno moja, akamtazama mke wake akamwambia, "Wamemhamisha wodi."

Basi tukamwacha getini, tukaingia kumtafuta. Wodi ya kwanza, ya pili, ya wazazi, ya watu waliovunjika miguu. Dada aliuliza kwa adabu kila mahali, chupa ya uji kifuani, na mimi nikazidi kukasirika na manesi wasiojua wagonjwa wao wako wapi. Tuliporudi pale alipokuwa amelazwa, godoro lilikuwa tupu, limefutwa, lina maji maji bado. Mwanamke aliyekuwa anamuuguza mtoto wake kitanda cha jirani akatuuliza kama tumefuata nguo za marehemu.

Hivyo ndivyo dada yangu alivyopata habari.

Sitasema niliyomfikiria shemeji wakati huo, maana baadaye niliyafuta. Dada yeye hakulia msibani, watu wakasema ana moyo mgumu, nikagombana na watu watatu kwa ajili hiyo. Hakumuuliza mumewe kwa nini. Waliendelea kulala chumba kimoja na kula sahani moja, lakini maneno yakawa ya chumvi iko wapi na mlango umefungwa. Jina la Baba Chiriku lilikufa na Chiriku mwenyewe. Akitaka kumwita, alikohoa.

Miezi michache baadaye ndipo ilipofika ile filamu ya kwanza. Ilitokana na manga, yale masimulizi ya katuni ya Kijapani yanayosomwa kuanzia nyuma, ila safari hii wamewaigizisha watu halisi. Kijana mwenye upanga, nywele nyekundu zimesimama wima, anazunguka nchi nzima akiwa na mdogo wake wa kike mgongoni. Watu wakambatiza palepale: Nywele-Moto.

Aliyeisubiri zaidi ni kinyozi wa upande wa pili wa barabara. Yule ameyasoma yale masimulizi yote kwenye simu. Wateja wake hutoka nusu wamenyolewa kwa sababu amefika penye utamu. Kwenye filamu hakuna alichokipenda. Upanga mfupi, mwigizaji mzee, farasi si rangi yake. Na zile nywele zilimuuma kitaaluma. Alisimama katikati ya filamu akatangaza kwamba kwenye karatasi nywele zikisimama ni moto, lakini ukimvika mtu mzima wigi la nailoni unapata ufagio. Watu wakamwambia akae. Walikuwa wameipenda.

Dada alikuwa benchi la mbele. Shemeji ndiye aliyembembeleza atoke nyumbani, hata kwa saa mbili tu. Na mimi nilitambua jambo mapema: yule mtoto wa kwenye filamu hakuwa na sauti. Kila aliposema, shemeji hakumwigiza. Alisimulia tu, mtoto anasema ana njaa, mtoto anamwambia kaka yake asiende. Kreti la soda lilikuwa bado pale ubavuni mwake, na yeye aliliwekea koti juu.

Kisha theluji ikaanza kuanguka kwenye picha, mshale ukatoka msituni ukampata mtoto. Nywele-Moto akampakata. Akamfumba macho kwa kiganja. Wakaja watu, wakamfunika, wakambeba. Shemeji alikuwa ameiona nyumbani na alijua inakuja, na bado alinyamaza mpaka watu wakaanza kugeuza shingo. Ndipo akasema, haraka haraka, "Amezimia. Amezimia tu huyu. Hawa ni watu wema, wanampeleka ng'ambo kwa mganga. Atarudi sehemu ya pili."

"Kwenye kitabu alikufa!" akapiga kelele kinyozi.

"Kitabu ni kitabu, filamu ni filamu," shemeji akamjibu kwa maiki. "Wewe kanyoe."

Banda zima likacheka. Nilimfuata kinyozi jioni ileile kibandani kwake nikamweleza kwa nini. Akaweka kitana chini, akakaa kwenye kiti cha wateja, na tangu siku hiyo hakumtaja tena yule mtoto. Kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa funga.

Siku hiyo ndoo ya kijani ilijaa. Dada alifika mlangoni, akazitazama ndoo, akakifunga kizibo chake kwenye pembe ya kitambaa chake cha kichwa. Nikamuuliza mbona hapigi kura. Akasema hawezi kusema kitu ni kizuri au kibaya wakati hakijaisha.

Kuanzia hapo, miaka miwili, likaongezeka swali moja kwenye yale ya chumvi na mlango: sehemu ya pili imetoka? Aliuliza akiwa anaosha vyombo. Aliuliza akiwa anaanua nguo. Shemeji alijibu bado, na mimi niliyekuwa nawasikia nilidhani naelewa. Nilisema moyoni, dada yangu si mwendawazimu, anajua wa kwake harudi, ila anataka walau mmoja arudi. Aone mtoto mmoja anaingia mlangoni na kuuliza kuna nini cha kula. Nilimwonea huruma mpaka nikaiombea ile filamu isitoke kabisa, waigizaji wake wagombane, kampuni ifilisike.

Ikatoka.

Shemeji aliitazama nyumbani dada akiwa sokoni, kisha akaja chumbani kwangu. Alisimama kati ya nguo za watu zilizotundikwa, mkono mmoja kwenye koti la mteja kana kwamba analipima.

"Yule mtoto hayupo," akasema.

"Hayupo vipi?"

"Inaanza na kaburi. Jina lake limeandikwa juu. Kaka yake anamwambia maneno."

Huyo ndiye wa kukata kamba na kurudisha namba. Aliniambia hayupo, kama mtu aliyetoka kidogo kwenda dukani. Nikamwambia basi asiionyeshe. Akasema watu wameshajua, kinyozi amebandika tangazo mpaka kwenye kioo chake. Nikamwambia airuke sehemu ya kaburi. Akasema kaburi linarudi katikati, linarudi tena mwisho, filamu yote ni kaburi. Alikuwa amekonda usoni. Nilimtazama nikaona kwamba hofu yake haikuwa ya ndoo nyekundu. Alimwogopa mke wake, au tuseme aliogopa kumuumiza mara ya pili kwa mdomo uleule, na sikuweza kumcheka.

Tukakubaliana nimzuie dada nyumbani. Nikamwendea na uongo wangu niliouona mzuri: nina sare nyingi za kumaliza, aje anisaidie vifungo Jumapili mchana. Dada aliendelea kuchambua mchele.

"Tangu lini wewe ukashona filamu ikicheza?" akaniuliza. "Spika si zitakoroma?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa fupi kuliko pindo. Nikanywa maji nikaondoka.

Tulichobakiwa nacho ni kaburi kupewa mtu mwingine. Mimi ndiye niliyesema liwe la mama. Mama wa Nywele-Moto, amekufa kwa uzee, kijana amekuja kumwaga machozi yake, na mdogo wake bado yuko ng'ambo anapona. Likirudi katikati, ni mama. Likirudi mwisho, ni mama. Shemeji alitikisa kichwa kwamba sawa. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini siku ile hatukukumbuka methali hata moja.

Jumapili banda lilijaa mpaka watu wakakaa sakafuni. Kinyozi alifunga kibanda chake, akaja na fulana yenye picha ya Nywele-Moto wa kwenye katuni, ili tuone wenyewe, alisema, jinsi nywele zinavyotakiwa kuwa. Dada aliingia amevaa lile gauni nililomshonea kwa ajili ya ubatizo wa mtoto wa jirani, ambalo hakuwahi kulivaa tena. Akakaa benchi la mbele, mahali palepale. Kile kizibo cha zamani kilikuwa kwenye pembe ya kitambaa chake. Nilikiona kilivyotuna.

Taa zikazimwa. Mvua ikaanza kunyesha kwenye skrini, na chini ya mvua kaburi, na mbele ya kaburi Nywele-Moto amepiga magoti.

"Wigi limelowa," mtu akasema gizani. "Sasa ndiyo limekuwa ufagio wa kudekia."

Watu wakacheka. Nywele-Moto akaanza kusema Kijapani chake, polepole, na maandishi yakapita chini ya picha. Shemeji akakohoa kwenye maiki.

"Nywele-Moto amekuja kwenye kaburi la mama yake," akasema. "Mama amezeeka, muda wake ulifika. Anamwambia, mama, nimekuja."

Watu wakaanza kuhesabu vichwani. Kisha mwanamke wa benchi la kati akauliza, "Mama yake si yule aliyekuwa anakaanga samaki mwisho wa ile ya kwanza? Mbona hakuwa mzee?"

"Hata mvi hana," mwingine akadakia. "Kafa lini?"

"Mtafsiri, umelala?"

Vicheko vikazunguka banda. Miaka yote hiyo ya kugeuza na kupamba, wala hajawahi kujisahau, siku hiyo alikuwa amemzika mwanamke mwenye kikaango mkononi. Na mimi niliyempa wazo hilo nilizama kwenye benchi langu, maana nami nilimwona yule mama na samaki wake, nikamsahau kabisa. Kinyozi peke yake hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, anajiangalia fulana.

"Baba Chiriku," dada akasema.

Hakupaza sauti. Lakini wale wa zamani walilijua jina hilo na walijua lilivyokaa muda mrefu bila kutamkwa, wakanyamaza, na wageni wakanyamaza kwa kuwaona wao. Shemeji akabonyeza, picha ikasimama. Matone ya mvua yakabaki yananing'inia juu ya kaburi.

"Kaburi la nani?" dada akamuuliza.

Spika zilituletea pumzi zake. Alikuwa amesahau maiki iko mdomoni.

"Ni la yule mtoto," dada akasema. "Nilijua tangu siku ile. Mtu aliyezimia hafunikwi uso."

"Kama ulijua," shemeji akasema, na sauti yake ikatoka ndogo ajabu kwenye spika zile kubwa, "mbona uliulizia sehemu ya pili siku zote?"

"Kujua najua. Kuambiwa ndiyo sijaambiwa." Akageuka pale kwenye benchi, akamtazama mumewe uso kwa uso, na mwanga wa ile mvua ukawa shavuni mwake. "Uliniambia wamemhamisha wodi. Nikazunguka na uji. Watu wote wa hospitali ile walijua isipokuwa mimi, na mpaka leo hakuna mtu aliyeniambia. Nimeambiwa na godoro. Nimesubiri hii filamu kwa sababu najua haina njia ya kukwepa. Niambie wewe."

Nililia, sioni haya kusema, nililia nimeng'ata kitambaa cha mteja. Niliona jinsi nilivyokuwa mjinga: dada hakuwa amemsubiri mtoto arudi. Alikuwa amemsubiri mume.

Shemeji aliweka mkono juu ya lile koti, juu ya kreti. Nilidhani atakimbia, na mlango ulikuwa nyuma yake tu.

"Amekufa," akasema.

Spika zikalipiga ukutani neno lile likaturudia. Hakulipamba. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akilisema vile lilivyo.

"Chiriku amekufa, mke wangu. Mtoto wetu amekufa. Nilikuona na ile chupa ya uji nikashindwa."

"Haya," dada akasema. "Nimesikia."

Akajikunja pale kwenye benchi la mbele, uso magotini, akalia kilio ambacho hakukilia msibani. Kilio kibaya, cha sauti, cha mtu asiyejali gauni. Wanawake wawili wakamsogelea wakamshika mabega. Wanaume walitazama miguu yao. Shemeji aliiacha maiki kwenye kreti, akaja akachuchumaa mbele yake, na hakumgusa mpaka yeye alipomshika shati. Tulikaa hivyo, banda zima, na ile mvua imesimama mbele yetu.

Baada ya muda dada akajifuta kwa kitambaa, akasema awashe picha, watu hawakuja kuwatazama wao. Kinyozi akawaambia hata wakitaka kufunga wafunge, hakuna atakayelalamika. Dada akakataa. Alitaka kuona mpaka mwisho.

Basi shemeji akarudi kwenye maiki akaanza tena kutoka mwanzo. Hili ni kaburi la mdogo wake. Anamwambia, nilikubeba mgongoni nchi nzima, siku moja tu nikakushusha. Alitafsiri yote, kila kaburi liliporudi, kwa sauti iliyokwaruza, bila utani. Katikati kukawa na kumbukumbu: mtoto yuko hai, anamkimbiza jogoo, anamcheka kaka yake. Pale shemeji hakusimulia. Aliacha Kijapani kiende chenyewe, tukamsikiliza yule mtoto mgeni akipiga kelele kwa lugha yake, na hakuna aliyedai tafsiri.

Nisiwadanganye, filamu yenyewe ilikuwa mbovu. Saa nzima watu wanapanda mlima. Adui mkubwa anakuja mwisho na anapigwa kwa pigo moja. Wamembadilisha hata mwigizaji wa yule rafiki mnene, wakamleta mwembamba, kana kwamba sisi hatuna macho. Mwanzoni watu waliona haya kulalamika, lakini huwezi kuwazuia kwa muda mrefu. Mlimani mmoja akaguna, mwingine akauliza kama hawana barabara, na kinyozi, aliyekuwa amejitahidi sana, akashindwa kabisa alipoona adui naye kavaa wigi. Niliwashukuru kwa kelele zao. Zilimpa dada nafasi ya kupenga kamasi.

Ilipoisha walitoka kwa adabu, mmoja mmoja, na adabu yao haikuwazuia kupiga kura ya haki. Vizibo vilimiminika kwenye ndoo nyekundu. Kinyozi alisimama mlangoni kidogo, akamshika shemeji mkono, kisha akatumbukiza chake kwenye nyekundu vilevile. Kijani ilibaki tupu, unaona mpaka mikwaruzo ya chini.

Tulibaki watatu. Nilianza kufagia maganda ya karanga. Dada alisimama mbele ya ndoo akifungua pembe ya kitambaa chake, na fundo lilikuwa limekaza kwa miaka, ilibidi atumie meno. Akatoa kile kizibo cha zamani, akakitumbukiza kwenye nyekundu.

"Hiki ni cha ile ya kwanza," akamwambia shemeji.

Kisha akanyoosha mkono wa pili, akaachia cha siku ile kwenye kijani. Kikalia peke yake kwenye ndoo tupu.

Shemeji alikuwa anakunja waya. Dada akaliondoa lile koti, akaketi juu ya kreti la Chiriku, akampigia kiganja benchini aje akae.

"Sasa niambie daktari alisema nini," akasema. "Neno kwa neno. Usiongeze, usipunguze."

Shemeji akaketi. Akaweka waya chini.

"Alinishika bega," akaanza. "Akaniuliza, mama yake yuko wapi?"

Nikaegemeza ufagio ukutani, nikatoka, nikavuta mlango nyuma yangu. Chumbani kwangu sare za watu zilikuwa mezani zinanisubiri na spika zilikuwa zimezimwa, lakini ukuta ule ni mmoja. Nilikaa mbele ya cherehani mpaka jua likazama, na sikuiwasha.